Kinyaa cha Yudith Matonya

Haya ni maisha ya marehemu Yudith binti Matonya, mke wa Bartolomayo, yanayosomwa mbele ya kaburi lake hapa Chang'ombe, Dodoma, leo Jumatatu tarehe 23 Februari 1914. Yameandikwa na mdogo wake, Sostenes Matonya, mwalimu wa shule ya misheni, na ndiye anayeyasoma. Mchungaji amemwelekeza kwamba katika wasifu wa marehemu msomaji hasemi "mimi". Kwa hiyo Sostenes atatajwa kwa jina lake kama mtu mwingine yeyote, na tutakapofika mahali ambapo jina hilo linanuka, ninyi mtajua ni la nani.

Marehemu alizaliwa Nzuguni, katika tembe la baba yake, mzee Matonya, mwaka ule wa sotoka. Tarehe haikuandikwa, lakini watu wa misheni wamehesabu na kusema ni mwaka 1891. Ng'ombe wa Ugogo walianguka mmoja baada ya mwingine, zizi kwa zizi, hata fisi wakashiba wakawa wanaipita mizoga bila kuigeukia. Hapakuwa na mikono ya kutosha kuifukia. Mama yake alijifungua akiwa amejifunga pua kwa kipande cha kaniki, kwa sababu upepo uliotoka upande wa malishoni ulileta harufu iliyoingia hadi ndani ya vibuyu vya maziwa. Mama husimulia kwamba mtoto alipotoka hakulia kwanza, alipiga chafya. Wakunga walicheka, na katika mwaka ule kicheko kilikuwa kitu adimu.

Basi akakua hivyo. Mtoto huyu hakunywa katika kata iliyonywewa na mwingine mpaka aisuuze. Nzi akitua kwenye mlenda wake, chakula kile alimpa mbwa, na akalala na njaa. Wenzake walimwita Kinyaa. Bibi zake walisema atakosa mume, maana mume naye ana jasho.

Mwaka 1902 alipelekwa kwa shangazi yake Mvumi, akaanza shule ya misheni. Alijifunza kusoma, kuandika, kushona na kuhesabu, na alibatizwa Jumapili ya Pasaka, tarehe 23 Aprili 1905, akachagua mwenyewe jina la Yudith. Mchungaji aliye hapa atakumbuka siku alipopokea Ushirika Mtakatifu kwa mara ya kwanza. Kikombe kilipomfikia, Yudith alitoa pembe ya kitambaa chake, akaufuta ukingo vizuri kuzunguka, kisha ndipo akanywa. Baada ya ibada mchungaji alimwita.

"Yudith, mwanangu, unaifuta damu ya Bwana?"

"Hapana, baba mchungaji. Nilifuta mate ya mzee aliyenitangulia. Ana tumbaku mdomoni."

Mchungaji alijizuia asicheke, akashindwa. Na hata leo, mnamwona, ameshindwa.

Aliolewa na Bartolomayo Jumamosi tarehe 14 Agosti 1909. Bartolomayo alikuwa kijana mpole wa Buigiri, mwenye desturi ya kuoga asubuhi na jioni hata wakati wa kiangazi. Watu walisema hiyo ndiyo sababu alikubaliwa. Reli ilipofika Dodoma mwaka uliofuata, wakahamia hapa, Bartolomayo akawa kibarua wa kufunga mabehewa. Novemba 1910 walipata binti. Mtoto alinyonya vizuri siku sita. Siku ya saba midomo yake ilikakamaa kama ya mtu anayetabasamu bila kutaka, siku ya nane mgongo ulipinda kama upinde, akafa. Wazee walisema ni mdege, ndege mbaya aliyempitia juu. Yudith hakubisha, alimzika.

Mwaka 1911 Bartolomayo alipondwa vidole vitatu kati ya mabehewa mawili, akakaa nyumbani miezi mingi. Kazi pekee ambayo mwanamke angeweza kupata karibu na stesheni ilikuwa kwenye ghala la ngozi. Fikirini, ninyi mliomfahamu: Yudith, aliyekuwa akisuuza kata mara tatu, katika ghala la ngozi.

Wengi wenu mmepita nje ya ghala lile mkajiziba pua mkaenda zenu. Ndani yake ngozi zinapangwa hadi kwenye dari, za ng'ombe, mbuzi na kondoo, kutoka Kondoa, Singida na Mpwapwa. Nyingine zimekaushwa vizuri, nyingine bado zina nyama iliyogandamana pembeni, na mafuta yake yamegeuka kuwa ute wa manjano. Ukiinua ngozi ya juu, ya chini yake inasogea, na unadhani ni macho yako, kumbe ni mabuu. Vumbi lake huingia kooni likakaa. Siku ya kwanza Yudith alitapika mara tatu nyuma ya ukuta. Mnyapara wa ghala, Bwana Yahaya Abbasi wa Kondoa, ambaye yuko nasi hapa, alimfuata akamwambia kwa huruma, "Mama, kazi hii haifai kwa pua yako."

Yudith akajifuta mdomo. "Basi nipe kazi ya pua."

Akampa. Kuanzia siku hiyo Yudith alipita kwenye kila mzigo ulioingia, akainama, akanusa. Ngozi iliyooza katikati, ambayo macho hayaioni, yeye aliijua. Hakuizoea harufu ile hata siku moja. Mwenyewe alisema, siku atakayoizoea ndiyo siku atakayokuwa hafai kitu.

Bwana Yahaya alimfundisha jambo jingine. Kuna ngozi ambazo upande wa ndani mishipa yake imejichora myeusi, kama wino uliomwagikia karatasi. Hizo ni za mnyama ambaye hakuchinjwa. Alikufa mwenyewe, damu ikabaki ndani. "Sisi kibudu ni haramu," Bwana Yahaya alimwambia, "lakini hata asiyesali ana macho. Hii ni kimeta. Usiiguse kwa mkono wenye mchubuko." Wachukuzi waliobeba mizigo ya ngozi hizo walitoka vidonda vyeusi shingoni, mahali mzigo unapolalia. Mmoja, kijana mwenye nguvu kutoka Kizota, alivimba shingo mpaka kidevu kikapotea, akafa siku ya tano. Yudith alikwenda kwa tajiri wa ghala na ngozi ile mikononi, ameishika kwa majani ya mnyonyo. Tajiri alikuwa akila. Aliitazama, akasema kijana yule aliumwa na mdudu, kisha akaamuru ngozi zote za namna ile ziwekwe katikati ya mizigo, zisionekane. Akaendelea kula. Yudith alisimulia jambo hilo mara nyingi, na kila mara alipofika mahali pa "akaendelea kula" alitema mate chini.

Oktoba 1912 alipita hapa daktari wa mifugo wa serikali, Mdachi mwenye ndevu nyekundu, na darubini yake ndani ya sanduku. Alikuwa anakagua ngozi. Bwana Yahaya alimwambia kwamba yuko mwanamke anayezitambua kwa pua. Daktari alicheka, akamjaribu kwa ngozi ishirini. Alipoona hakukosea hata moja, daktari aliacha kucheka. Akachukua kipande cha damu iliyokauka, akakilowesha, akakitia rangi kwenye kioo, akamwita.

"Tazama."

Yudith aliinama kwenye darubini. Aliona vijiti. Vijiti vya rangi ya zambarau, vimenyooka, ncha zake kama zimekatwa kwa shoka, vimeungana kimoja na kingine kama mianzi.

"Hivi ni nini, bwana?"

"Ndio kimeta chenyewe. Kwetu tunakiita moto wa bandama, kwa sababu bandama linakuwa jeusi, linaoza, laini kama tope. Hivi ni vijiti hai. Vinakula damu."

"Hai?" Yudith aliiondoa mikono yake mezani. "Vinauawa na nini?"

"Moto. Moto tu. Udongoni vinalala. Unaweza kuzaliwa na kuzeeka, vyenyewe bado vimelala, siku mvua ikichimbua, ng'ombe akala majani, vinaamka."

Daktari alipenda kuzungumza. Alimwambia kwamba si vijiti vyote vinavyoshika rangi ile ya zambarau, lakini hivi vinashika, na vina ndugu. Yuko mmoja anayeziba koo la watoto kwa utando mchafu kama ngozi iliyolowa. Yuko mwingine anayevimbisha vidonda vya vitani mpaka nyama inatoa povu. Na yuko anayekaa kwenye mavi na udongo, akiingia mwilini anakaza taya na kupinda mgongo.

Yudith alimtazama. "Bwana, huyo wa taya. Anaweza kuingia kwa kitovu? Kisu kikiwa kichafu?"

"Hasa kwa kitovu," daktari akajibu, na hakujua alichokuwa anajibu.

Yudith alitoka nje. Bwana Yahaya alimkuta kwenye pipa la maji akinawa mpaka kwenye viwiko, ananawa na kulia. "Alikuwa mavi tu," alisema. "Si ndege. Mavi tu, kaka Yahaya, kwenye kisu." Julai 1913, mtoto wake wa pili alipozaliwa, alichemsha kisu mwenyewe kati ya uchungu na uchungu, na alimfukuza mkunga aliyekuja na mkono wenye masizi. Mtoto huyo ni Sila. Ana miezi saba, na mnamsikia analia pale.

Sasa tunafika kwenye harusi.

Sostenes alikuwa amechumbia Ruthu, binti wa watu wa Kizota, na sherehe ilipangwa Jumamosi tarehe 14 mwezi huu, nyumbani Nzuguni. Mnaijua Februari ilivyo kwetu: ghala la uwele limebaki vumbi, shamba bado ni kijani, na watu wanaishi kwa mlenda na subira. Watu hawakuwa wameonja nyama tangu Krismasi. Mzee Matonya alikuwa amemtenga dume mmoja mweusi kwa ajili ya siku hiyo, na wageni walianza kuja tangu Alhamisi. Mpaka Ijumaa walikuwa watu sitini na mmoja, na kila mmoja alipofika aligeuza macho kwanza zizini.

Ijumaa asubuhi dume alirudi kutoka korongoni akitetemeka. Alizunguka mara mbili, akapiga magoti, damu ikamtoka puani. Mjomba Lechipya alikimbia na kisu, lakini alipofika ng'ombe alikuwa ameshanyoosha miguu. Alimkata koo hivyo hivyo. Sostenes alikuwepo, aliona. Alijua kwamba mjomba alichinja mfu. Wanaume walitazamana, na Sostenes alikuwa wa kwanza kushika mguu wa nyuma na kuanza kuchuna.

Yudith alifika saa sita mchana kwa miguu kutoka Dodoma, yeye na Bartolomayo, mtoto mgongoni na unga kichwani. Kabla hajafika uani akasimama. Alimshusha mtoto, akampa mama yake, akasema, "Mama, usitoke naye nje." Kisha akaja moja kwa moja penye nyama.

Nyama ilikuwa imerundikwa juu ya ngozi. Tumbo la yule mnyama lilikuwa limevimba kama ngoma, na nzi wa kijani walikuwa wameshafika. Damu iliyokingwa kwenye chungu ilikuwa nyeusi kama lami ya reli, na ingawa ilikuwa imekaa tangu asubuhi haikuganda. Mjomba Lechipya alikuwa ameshika bandama mkononi, kubwa kupita kiasi. Lilimchuruzikia kati ya vidole kama tope.

"Shikamoo, baba," Yudith alisema. "Nani amekula?"

"Marahaba. Hakuna aliyekula, tunakungoja wewe upike," mzee Matonya alijibu kwa furaha.

"Baba, nyama hii haipikwi. Ichomwe, ifukiwe na majivu yake."

"Amechinjwa, mwanangu."

"Alichinjwa akiwa amekufa. Baba, hii ni kimeta. Nimeiona kwa macho yangu, ina vijiti ndani yake, viko hai. Kuchemsha hakutoshi, hata anayekata tu anaweza kufa."

Kisha baba yake Ruthu, aliyekuwa amekaa kivulini na wazee wa Kizota, akanyanyuka. "Mzee Matonya, sielewi. Mmetuita tuje kula kibudu, au mmetuita ili binti yako wa mjini atufukuze?"

Mjomba Lechipya akacheka. "Mimi nilikula ng'ombe wa sotoka nikabaki. Kijiti gani kitaniua leo?" Na watu wakacheka pamoja naye, maana walikuwa na njaa, na mtu mwenye njaa humcheka anayemnyima.

Sostenes hakucheka. Aliona aibu. Mwalimu, mwenye kola shingoni, anaaibishwa mbele ya wakwe na dada anayenusa vyakula vya watu tangu utotoni. Alimwendea, mikono yake imejaa damu ile hadi kwenye viwiko, akamwambia anyamaze. Yudith alisema, "Sosti, kanawe. Tafadhali, kanawe sasa hivi." Alisema kama anayesema na mtoto, mbele ya wote. Sostenes alimpiga kofi. Lilimpata shavu la kushoto, na ukucha ukamchana chini ya jicho. Alimwambia, "Tangu leo sina dada."

Damu ya ng'ombe ilibaki shavuni kwake, vidole vinne, wazi kabisa.

Yudith aligeuka akaenda nyuma ya nyumba. Watu walidhani amekwenda kulia. Lakini huko nyuma kulikuwa na choo cha shimo, ambacho Sostenes alikuwa amekichimba kwa ajili ya wageni kama misheni inavyofundisha, na wageni sitini na mmoja walikuwa wamekitumia siku mbili. Alirudi amebeba debe kwa mikono miwili. Walioliona walidhani ni maji, mpaka harufu ikatangulia. Alilimwaga lote juu ya nyama. Akarudi akaleta la pili. Mkono wake mmoja aliutumia kusambaza, ili pasibaki kipande kilicho safi, kwenye mapaja, kwenye mbavu, hata ndani ya chungu cha damu. Yudith, ambaye hakuweza kula mbele ya nzi. Machozi na kamasi vilimtoka, alikuwa anatapika huku anapaka, anatapika na kupaka. Wanawake walipiga mayowe. Mtu mmoja alitapika, kisha wengine.

Alipomaliza alisimama. "Sasa kuleni," alisema.

Hakuna aliyekula. Watu wa Kizota waliondoka wakati ule ule, na Ruthu wakamchukua. Mzee Matonya alimfukuza binti yake nyumbani kwa maneno ambayo ameomba yasisomwe hapa, na ametiiwa. Yudith hakuondoka. Alizivuta kuni za harusi, gogo baada ya gogo, akaziweka juu ya mzoga, na Bartolomayo akamsaidia kwa mkono wake wenye vidole viwili. Moto uliwaka mpaka siku ya pili. Walichimba shimo wakayafukia majivu na udongo wote uliolowa damu, wakaondoka na mtoto wao bila kuagwa na mtu.

Mjomba Lechipya alikuwa ameficha ini kwenye jani tangu asubuhi, akaliokea malishoni peke yake. Jumapili alianza kuumwa tumbo. Jumatatu alitapika damu, na tumbo lake likavimba kama la yule dume. Jumanne tarehe 17 akafa. Waliomwosha hawajala vizuri mpaka leo. Hapo ndipo kijiji kizima kilipomkumbuka Yudith, na vichwa vikainama.

Lakini Yudith mwenyewe Jumatatu hiyo alikuwa ameamka na kipele chini ya jicho la kushoto, kinawasha kama kuumwa na mbu. Alikitazama katika kipande cha kioo, akamwambia mumewe, "Mpeleke Sila kwa Kuluthumu leo hii." Bi Kuluthumu, mke wa Bwana Yahaya, naye ananyonyesha. Yudith hakumshika tena mtoto wake. Jumanne kipele kilikuwa lengelenge lenye maji. Jumatano lilipasuka, katikati pakawa peusi kama kaa, na kuzunguka kaa lile vilengelenge vidogo vilijipanga kama shanga. Hakikuuma hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha Bartolomayo. Uso ulivimba mpaka jicho likafumba, kisha uvimbe ukashuka shingoni. Daktari wa boma alikuwa safarini. Mhudumu wake alikipaka dawa, akarudi kesho yake akakipaka tena.

Sostenes alikuja Alhamisi, baada ya kumzika mjomba. Alisimama mlangoni. Kile kidonda cheusi kilikuwa mahali pale pale, juu ya mchubuko wa ukucha wake. Alipiga magoti.

"Dada, ni mkono wangu."

"Najua," Yudith alisema. Sauti ilitoka kwa shida. "Ndiyo maana nakuuliza. Ulinawa?"

"Nilinawa."

"Kwa kitu gani? Kwa maji ya moto? Kwa majivu?"

"Kwa maji ya mtungi."

"Bartolomayo, mchemshie maji."

Sostenes alinawa mbele yake, kwa maji ya moto, majivu na sabuni ya ghalani. Alikata kucha, akazitupa motoni. Yudith alimtazama kwa jicho moja. Sostenes alimuuliza, "Dada, umenisamehe?"

"Nawa tena."

Alinawa mara nne. Ngozi ya mikono ilikuwa imebabuka ndipo aliposema basi. Hakusema jambo jingine kuhusu lile kofi, siku hiyo wala baadaye. Na Sostenes anaitazama mikono hii iliyoshika karatasi hii, haina kipele wala kovu, ilichuna ng'ombe yule kuanzia kwato hadi pembe ikatoka salama, naye anaionea kinyaa ambacho maji hayakitoi. Anayasema haya kwa sababu baadhi yenu mmekuwa mkimpa pole na kumshika mkono tangu jana. Ni haki yenu kujua mnachoshika.

Ijumaa alitoa maagizo. Asibusiwe. Waombolezaji wasimguse. Nguo zake, mkeka wake na kioo vichomwe. Kaburi lichimbwe refu kupita kimo cha mtu mrefu, mbali na malisho, na chokaa itiwe. "Sitaki mtu mwingine achafuke kwa ajili yangu," alisema. Bwana Yahaya ndiye aliyeleta chokaa hii mnayoiona, ameibeba mwenyewe. Jumamosi pumzi ilianza kukwama. Aliomba aletwe Sila, asimame naye Bi Kuluthumu nje ya dirisha. Alimtazama kwa muda mrefu, akauliza kama ananyonya vizuri. Bi Kuluthumu akasema, "Ananyonya kama ndama, dada." Yudith akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Marehemu alifariki jana, Jumapili tarehe 22 Februari 1914, saa saba mchana, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu au karibu na hapo. Mzee Matonya alifika saa tisa, amekuja kwa miguu kumwomba arudi nyumbani.

Ameacha mume, Bartolomayo. Ameacha mtoto mmoja wa kiume, Sila, na mama wa kumnyonyesha, Bi Kuluthumu. Ameacha baba na mama. Ameacha wifi mtarajiwa, Ruthu, ambaye amekuja leo na baba yake, na hawakuitwa. Ameacha mdogo mmoja, Sostenes. Na ameacha wageni wa harusi sitini na mmoja. Jana na leo asubuhi tumewatafuta nyumba kwa nyumba, Nzuguni na Kizota, tukauliza mmoja mmoja, wazee, wanawake na watoto, kama kuna mwenye kipele, mwenye homa, mwenye tumbo. Wote sitini na mmoja ni wazima, na wengi wao wamesimama hapa.

Bwana ampokee, ampumzishe mahali pasafi.